Jumla ya Safu Tupu

1.
RIPOTI YA HITILAFU
Aliyeripoti: Tusekile, mtaalamu wa hali ya hewa, Mbeya.
Kilichotarajiwa: jumla ya safu isiyo na tarakimu iwe sifuri.
Kilichotokea: kompaila ya Fortran, inayogeuza msimbo wetu kuwa programu, imetuundia programu inayojibu milimita 912 za mvua.
Maelezo ya ziada:

2.
Hayo hakuyaandika. Safu ile ilikuwa ya kituo cha Ikombwe. Baba yake ndiye aliyekuwa akipima mvua pale kila asubuhi, mpaka alipofariki mwezi wa tatu. Tangu hapo haikuja tarakimu hata moja. Safu ikabaki

3.
"Kifute hicho kituo, Tusekile," alisema bosi wake, Bwana Malekela. "Tukitangaza mafuriko Ikombwe watu watahama bure."
"Hatutangazi. Lakini sikifuti."
"Kina nini?"
"Hakina kitu, bosi. Ndiyo shida yenyewe."
Malekela alikuwepo msibani. Akavuta kiti. "Haya. Tuitafute wote."

4.
Programu hupunguzwa mpaka kosa libaki peke yake. Wakatoa ramani. Wakatoa upepo. Wakatoa vituo vingine vyote. Ikabaki mistari michache na safu moja.

Tupu.

Na bado ilidai mvua imenyesha.

5.
Akaijibu ripoti yao Jaroslav, anayejitolea kuitunza kompaila hiyo akiwa nchi ya mbali:
*Asante kwa mfano mfupi. Kosa ni letu: haiangalii kwanza kama safu ina kitu, inaokota chochote kilichopo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Marekebisho nimeambatisha. Ila naomba kuuliza: kwa nini msiiruke tu?*

6.
*Kwa sababu kituo kipo. Aliyekuwa akipima pale ndiye*
Tusekile akafuta.
Akaandika tena. Akatuma.

7.
IKOMBWE: 0

Malekela akapiga makofi. Tusekile hakupiga. Kwa kompaila, sifuri ile ilikuwa sahihi. Kwa mkulima atakayesoma taarifa, ilisema Ikombwe ni kukavu. Akaongeza mstari mmoja.

IKOMBWE: HAIJAPIMWA

Kisha akapiga simu nyumbani, Ikombwe.

8.
"Shikamoo, mama. Huko kunanyesha?"
"Marahaba, mwanangu. Tangu jana. Kile chombo cha baba yako kimejaa mpaka kinafurika. Sijakigusa tangu…"
"Kimwage, mama. Kesho asubuhi utaniambia kilichoingia."



"Mama?"
"Nipo. Wewe usikate simu. Nisikimwage peke yangu."

Mlango ukalia ukifunguliwa. Mvua ikasikika karibu,
karibu zaidi