Beseni la Maji

Treni ya Bukama ilikuwa inaondoka saa nane mchana, Jumatano, mara moja tu kwa juma. Na saa sita ya Jumatano hiyo Ngalula alikuwa ameketi ndani ya gari, kifurushi cha safari miguuni, akichunga maji kwenye beseni lililojaa, juu ya meza.

Gari lenyewe ndilo lililokuwa nyumba. Mzungu mmoja mpima barabara alikuwa akilala na kupika humo, akaliacha kwenye uwanja wa nyuma ya stesheni mwaka ule wa Zaïrianisation, serikali ilipotwaa mali za wageni, naye akafunga virago. Likaishia mikononi mwa Tshimanga, mume wa Ngalula, kapita, yaani msimamizi, wa mafundi wa reli, ambaye miaka yake ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imemalizika kwa barua moja. Kampuni ilichukua nyumba, ikachukua funguo, ikachukua hata nivo yake ya kupimia usawa. Siku alipolichukua gari pale uwanjani aliapa kwamba litawapeleka Bukama, wakamsalimie mama mkwe. Ahadi za wanaume! Injini ilikufa kabla ya Pasaka. Magurudumu aliyatoa, akalikalisha gari juu ya traverse, zile mbao nzito za reli, na toka hapo halijasogea hata hatua ya kuku.

Lakini lilikuwa linazama. Udongo wa Kamina ukinyeshewa unakuwa kama ugali usioiva, na kila mvua pembe moja ya gari ilishuka. Mtu mwingine angeweka kibao chini ya mguu wa kitanda, akalala zake. Si Tshimanga. Mtu aliyelaza reli maisha yake yote hawezi kula mezani pakiinama hata unene wa kidole. Basi alilala chini ya gari na kriki yake, ile jeki ya kuinulia magari, akiinua na kushusha, na Ngalula alikaa ndani mbele ya beseni, akisema maji yameegemea wapi. Bila mtu wa ndani, kazi haiendi. Ukimwambia Tshimanga kwamba sakafu inaonekana sawa, alikuwa na jibu moja, la Jumatatu mpaka Jumapili: macho inadanganya, maji haidanganye.

Jumapili Éliézer, mlinzi wa treni na rafiki wa zamani wa familia, alileta habari kutoka Bukama. Mama ya Ngalula hali chakula tena. Amegeukia ukuta, na neno analolisema ni jina la binti yake. Ngalula alilia, akapika, akafunga kifurushi. Baba yake alikuwa amezikwa bila yeye, mwaka ule Tshimanga alipomwomba angoje mpaka amalize kunyoosha kona ya reli. Ngalula alifika Bukama akakuta udongo wa kaburi umeshakauka. Safari hii aliapa hatangoja mtu.

Ila usiku wa kuamkia Jumatano mvua ilipiga, na pembe ya nyuma ya kushoto ikazama. Asubuhi Tshimanga alimwomba, dakika kumi tu, mke wangu, halafu uende. Mke wa miaka kumi na tisa anakataaje dakika kumi? Aliingia, akaketi.

Dakika kumi zikawa saa nzima, kisha mbili. Alipoinuka kwenda zake, mlango haukufunguka. Alijua kwa nini, maana ilikuwa imetokea mara nyingi. Kriki ikiinua pembe ile peke yake, mwili wa gari unajikunja na fremu inauma mlango. Madirisha yalikuwa na nondo, kazi ya Tshimanga mwenyewe, kwa ajili ya wezi. Joto la bati lilimshuka kichwani. Alisukuma kwa bega, akasukuma kwa kiuno, akaketi tena akihema.

Aliinama kwenye sakafu akamwambia mumewe kwamba mlango umekamatwa, ashushe. Tshimanga alimjibu kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Akishusha sasa ataanza upya. Kumebaki kidogo. Mama mkwe ni mtu wa nguvu, na treni itarudi Jumatano ingine.

Jumatano ingine. Hapo ndipo Ngalula alipoelewa, akaogopa kweli. Mume wake hakuwa mbaya. Hakumpiga, hakulewa. Lakini alikuwa amenyang'anywa vyote alivyovinyoosha, akabaki na gari moja na mwanamke mmoja wa kumwambia kama liko sawa, na asingemwachia huyo aende mpaka liwe sawa. Nalo lisingekuwa sawa kamwe, kwa sababu mvua ingenyesha tena. Angezeekea pale mbele ya beseni. Mama yake angekufa akiutazama ukuta.

Stesheni ilipiga kengele ya kwanza.

Ngalula alitazama maji. Yalikuwa bado yameegemea kushoto, kidogo tu, kama Tshimanga alivyosema. Alijipangusa uso kwa kitenge. Katika miaka yote ile hakuwahi kumdanganya juu ya maji.

"Baba Mwadi," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "maji inaenda kuume."

Chini kriki ilisimama. "Kuume? Mi naona kushoto njo iko chini bado."

"Macho inadanganya, Baba Mwadi."

Kisha akasikia kriki ikishuka, tak, tak, tak. Tshimanga akauliza kama imetosha. Akasema bado. Tak, tak. Maji yalivuka ukingo wa beseni, yakatiririka kushoto mezani, yakamlowesha magoti, naye akasema bado, shusha. Fremu ikalia kwa sauti ya kuni inayopasuka, na mlango ukafunguka wenyewe.

Alitoka na kifurushi chake. Tshimanga alijiburuta kutoka chini, matope mpaka kwenye nyusi, akaona kitenge cha mkewe kimelowa, akaelewa. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mwaka mzima.

"Utarudi?" aliuliza.

"Sijui. Maji imemwangika, Baba Mwadi."

Alikimbia. Na treni, kama treni zetu zote, haikuwa na haraka. Ilikaa tu. Ngalula alisimama kwenye jukwaa saa nzima, kisha ya pili, na kutoka pale gari lilionekana vizuri mno. Alimwona Tshimanga akiingia chini, akizungusha kriki, akitoka, akipanda ndani kutazama beseni, akishuka tena kuingia chini. Ndani, nje. Ndani, nje. Kila alipopanda, uzito wake uliinamisha gari, kwa hiyo hakuwahi kuona kitu kilekile mara mbili. Moyo ulimuuma Ngalula. Ilikuwa hatua mia mbili tu, na nafasi ilikuwepo ya kwenda kumketia dakika kumi.

Hakwenda. Éliézer alipopuliza filimbi, alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya behewa. Aligeuka mara moja. Tshimanga alikuwa ametoka na beseni mikononi. Aliinua, akamwaga maji yote uani, akaketi kwenye kizingiti cha gari lililolala upande, beseni tupu magotini, akiitazama treni.

Ngalula alipanda, akaenda kutafuta nafasi upande mwingine wa behewa, usiotazama gari.