Mji Ambao Mzee Kessler Hakutaka Kuutoa

Upweke una njaa yake, na njaa hiyo haishibi wali wala ndizi, inataka maneno. Gaudiosa aliijua. Tangu amzike mumewe Ladislaus, katika baridi ya mwaka sabini na mbili, alikaa Rågsved, kitongoji huko kwa Waswidi, ghorofa ya tano, na binti yake Leokadia akisemeshwa Kiswahili alijibu Kiswidi, tena mkono uko kwenye kitasa anatoka. Jirani wa kulia alimwamkia paka, siyo yeye. Mtu wa kuzungumza naye alibaki mmoja tu, na huyo alikuwa mtu wa kazini.

Gaudiosa aliajiriwa na manispaa kusaidia wazee majumbani. Kila Alhamisi alikwenda kwa Mzee Kessler, Mjerumani aliyeoa Mswidi baada ya vita, kisha akafiwa naye. Alimfagilia, akamfulia, akamchemshia viazi. Mezani palikuwa na taipureta, na ukutani ramani kubwa ya Urusi iliyochomekwa pini nyekundu. Askari wenzake wa zamani walimwomba aandike historia ya divisheni yao ya askari wa miguu: walipita wapi, lini, nani alikufa wapi. Kila pini, mji mmoja.

Walizungumza Kiswidi, kila mmoja akikivunja kwa upande wake, wakaelewana kwa vipande. Siku moja viazi vikiwa jikoni, Gaudiosa akashindwa kujizuia, akaanza kumfundisha vitendawili, na sheria yake: ukishindwa unanipa mji, nami nitakusimulia nilivyokwenda huko na nilivyopokelewa, ndipo nikupe jibu.

"Kitendawili!"

"Tega," akasema mzee, ulimi mzito kama umefungwa jiwe.

"Nyumba yangu kubwa, haina mlango."

Akawaza mpaka viazi vikapasuka. "Gereza?"

"Gereza lina mlango, mzee wangu, tena wa chuma! Nipe mji."

Akageukia ramani. "Haya, chukua Smolensk."

"Nilikwenda Smolensk, wakanitandikia mkeka, wakanipikia ndizi kwa nyama, kina mama wakanipigia vigelegele, watoto wakaninyang'anya mzigo waubebe wao. Jibu ni yai."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Alisema yeye Smolensk hakupewa hata maji.

Basi ikawa desturi yao. Mwaka mzima mzee alishindwa, na mwaka mzima Gaudiosa alilishwa na kuvishwa katika miji ya ukutani. Alirudi Rågsved amepata maneno ya kumfikisha wiki nyingine. Aliogopa jambo moja tu: Alhamisi zisije zikaisha.

Februari ya sabini na nne akamtegea: "Blanketi la babu lina chawa tele."

Mzee akasema theluji. Akasema mkate wenye ufuta. Akashindwa.

"Nipe mji."

"Miji imekwisha, Bi Gaudiosa. Umeiteka yote. Hata jenerali wetu hakufika mbali hivyo."

"Hebu acha uchoyo. Na huu?" Akagusa ramani. Kati ya pini mbili palikuwa na tundu dogo. Pini yake imeng'olewa.

Uso wa mzee ukakauka. "Huo haumo kitabuni."

"Lakini ulikuwamo. Sheria ni sheria."

"Ostrenka," akasema. "Kijiji kidogo. Usiende huko. Hakuna wa kukupokea."

"Walihama?"

"Tuliwafungia ghalani, tukatia moto. Sisi, kikosi chetu. Machi, mwaka arobaini na tatu. Mimi nilikuwa mlangoni."

Gaudiosa alikuwa ameshika kitambaa cha vumbi, akakiweka chini.

"Sasa simulia," mzee akasema. "Kama siku zote. Sema wamekupokea."

Alimtazama kama mtoto anayengoja mkate. Na jamani, ilikuwa rahisi! Mkeka ule ule, ndizi zile zile, vigelegele, na Alhamisi zingebaki zake. Gaudiosa akafungua kinywa. Lakini vigelegele ni vya wanawake, na wanawake wenyewe aliwaona walipo.

"Siwezi, mzee wangu. Waliofungiwa ghalani hawapiki. Waandike kwanza, nijue nimefika kwa nani."

"Wenzangu hawatakichapa kitabu chenye kijiji hicho."

"Basi kisichapwe."

"Ni mchezo tu!"

"Ndiyo. Na katika mchezo wetu, atoaye mji huutoa na watu wake."

Mzee hakupaza sauti. Alikwenda mezani akakaa amempa mgongo, vidole juu ya taipureta, hapigi hata herufi. Gaudiosa akapakua viazi, akatia chumvi, akavaa koti polepole, kifungo kimoja kimoja, ili kama ni kuitwa aitwe. Hakuitwa. Jibu lenyewe, nyota, akashuka nalo ngazi.

Jumatatu msimamizi akamwambia Mzee Kessler amepiga simu, anataka msaidizi mwingine, asiye na maneno mengi.

"Mligombana?"

"Hapana."

Jioni hiyo aliinua simu ya nyumbani. Neno moja lingetosha: nilikuwa natania, mzee wangu. Akasikiliza mlio wa laini, akaisikiliza sana, akairudisha mahali pake.

Alhamisi wakampa bibi mmoja wa Kiswidi, mtaa wa pili, kiziwi kabisa, aliyekaa dirishani na hakugeuka mlango ulipofunguliwa. Gaudiosa akavua viatu, akasimama katikati ya chumba.

"Shikamoo, bibi," akasema kwa sauti kamili, kisha akatafuta ufagio.