Siku Sheria Zilipohamia Kwenye Tanuri la Mzee Kihwele

Jana nililala mapema, nikaota kwamba sheria zote za kazi zimehamia kwenye kiwanda cha mikate cha Mzee Kihwele, pale Iringa, na mimi nimeitwa nizipange kabla hazijaungua.

Sikushangaa. Hiyo ndiyo kazi yangu. Naitwa Edina Luhanga, na kwa miaka kumi na miwili nimezunguka kwenye gereji, saluni na mashine za kusaga, nikiwaeleza wenye biashara ni sheria ipi ya kazi au ya kodi imebadilika, na wao wafanye nini. Mzee Kihwele ni mteja wangu kweli. Ana wafanyakazi wanane, mikate laini na kichwa kigumu.

Nafika. Juu ya meza ya kukandia unga umelala msumeno mkubwa, umejifunika kitambaa cha mikate.

"Shikamoo, mama," unasema msumeno.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye sheria. Nakata mbele na nyuma."

Mzee Kihwele ananinong'oneza. "Huu umefika tangu alfajiri. Chai hautaki."

Sakafuni pamerundikwa vifungu vya sheria, na ni vifungu kweli, vimefungwa kwa kamba ya katani kama mchicha wa sokoni. Vipya bado vina umande. Vya zamani vimenyauka, na ndivyo Mzee alivyokuwa anavitumia. Nakunja mikono ya blauzi, naanza kuchambua. Kilichofutwa kule, kilichorekebishwa huku.

Kimoja kilichonyauka kinanitazama. "Mimi bado natumika?"

"Hapana. Ulifutwa."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Kodi ya mishahara ikaingia kwa mlango wa nyuma, imevaa suti, ikauliza kama kuna mwajiriwa mpya. Nikaionyesha orodha. Ikasoma, ikashukuru, ikaomba skonzi moja, ikaenda zake. Kodi ukiijua mapema haina makuu.

Ndipo akaingia Sekela, mwanamke anayechoma mikate zamu ya asubuhi. Alijifungua miezi miwili kabla ya wakati, na kwa kuwa mtoto ni njiti, alikuwa amembeba ndani ya kiberiti. Nyuma yake siku zake za likizo zilikuwa zimepanga foleni, zimejifunga vitenge. Zilibaki nne.

"Shikamoo, baba," alisema Sekela. "Mtoto hajafikia uzito wa kutoka. Daktari anataka nimweke kifuani mchana na usiku. Naomba niongezewe siku."

"Marahaba. Siku ni zile zile kwa kila mama, mwanangu. Zikiisha urudi kwenye tanuri, la sivyo namweka mwingine. Barua nimeshaiandika."

Siku moja ikaaga, ikaondoka. Zikabaki tatu.

Sekela hakulia. Alikifunika kile kiberiti kwa kiganja, maana mlango wa tanuri ulikuwa wazi. "Basi nitakuja naye, baba. Lakini hapa kuna moto, na yeye ni njiti."

Mikono yangu ilijua la kufanya. "Ngoja kwanza, Mzee," nikasema. "Barua yako umeiandika kwa kifungu kilichonyauka."

Nikapekua hadi chini kabisa. Nikapata kifungu kidogo, kibichi, nikakifungua kamba. Kikasema kwa sauti ya mkunga: "Mtoto akiwahi kuzaliwa, mama ataongezewa siku, mpaka zitimie zile ambazo mtoto angekaa tumboni."

Mzee Kihwele akakuna kidevu. "Sheria hupindishwa kidogo, binti yangu. Wote wanapindisha."

Akauchukua msumeno, akauweka gotini, akaupinda. Ulipinda vizuri sana, mpaka meno yakagusa mpini.

"Mzee, uachie taratibu," nasema.

Hauachii taratibu. Msumeno unajinyoosha, unalipasua tanuri katikati, na nyuma yake kuna wodi ya watoto njiti.

Tunaingia. Mashine za joto zimepangwa kwa mstari, na ndani yake kuna mikate. Muuguzi ananyanyua mmoja mweupe, mlegevu.

"Nani ameutoa huu kabla haujaiva?"

Mzee Kihwele anaona ametukanwa. "Si mimi! Sijawahi kutoa mkate mbichi maishani mwangu."

"Sasa tufanye nini?"

"Unaurudisha kwenye joto, nesi! Unausubiri dakika zake zote. Kuuwahisha kuutoa hakuwahishi kuiva..."

Alikuwa amejisikia mwenyewe. Akamgeukia Sekela, akavua kofia.

"Keneth wangu naye alikuwa njiti," alisema. "Mama yake nilimrudisha kwenye tanuri siku ya tisa. Mtoto tukamlaza kwenye kreti la mikate, tumemzungushia pamba."

"Alipona?" aliuliza Sekela.

"Alipona. Anauza matairi Makambako. Lakini mama yake hajawahi kuitaja ile siku ya tisa, wala mimi."

Akaichana barua, akaitafuna, kwa kuwa wodini hapakuwa na pipa la taka. Mlango ukafunguka, zikaingia siku mpya za kutosha, wanawake wanene, zikaketi na Sekela kwenye benchi. Moja ikaomba kumpakata mtoto.

"Nawa mikono kwanza," alisema Sekela. Ndipo nilipomwona anatabasamu.

"Na ile siku ya tisa, Mzee?" nikamuuliza.

"Hiyo, sheria haiifikii," alisema huku akivua aproni. "Hiyo itabidi niiendee mwenyewe."

Akatoka.

Nikaamka. Jua lilishachomoza, na simu ilikuwa inaita. Alikuwa Mama Keneth, mke wa Mzee Kihwele, ambaye hunipigia kwa habari za makaratasi tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Edina mwanangu, samahani kwa kukuamsha. Baba Keneth ameamka analia. Ananiomba radhi kwa jambo la miaka thelathini iliyopita, jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nimemuuliza limemjiaje leo, anasema nikuulize wewe."

"Mimi, mama?"

"Ndiyo. Anasema ulikuwepo."