Mwamba wa Mzee Othmani

Duka lilipofunguliwa mwezi wa kwanza nilikwenda kutazama kama watu wote, nikatoka nimenuna, kama ninavyotoka mahali pengi. Si kwamba lilikuwa baya. Lilikuwa safi, lina ubaridi mzuri, na karibu kila kitu ndani yake kilikuwa chetu: asali ya nyuki wadogo, mafuta ya alizeti, dengu, mayai ya kuku wa kienyeji yamelazwa kwenye nyasi kavu ndani ya vikapu. Mlenda mkavu ulikuwa kwenye chupa ya kioo yenye picha ya mwamba, na chini ya picha wameandika kwamba umeanikwa juani juu ya mawe ya Singida. Juu ya mlango kuna neno oganiki, yaani vitu visivyotiwa dawa za viwandani. Mtaa mzima tulijifunza kulitamka, hata wasiokuwa na uwezo wa kununua nyanya zake.

Mtaa wenyewe ulishaanza kubadilika. Maofisa walinunua viwanja, wakajenga nyumba za ghorofa zenye mageti, kodi ikapanda na wapangaji wa zamani wakahamia mbali. Mimi nilibaki kwa sababu nyumba ni yangu, aliniachia marehemu mume wangu, baba Calist. Kwa hiyo Abdulrazaki alipoacha kazi Dar es Salaam akarudi kufungua duka kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, Mzee Othmani, nilisema mgeni njoo mwenyeji apone, ingawa mgeni mwenyewe nilishamfuta kamasi akiwa mdogo.

Shida ni kwamba kiwanja kile kina mwamba. Ni mpana kama uwanja wa kanisa, umelala chali, na jua la asubuhi likishaupiga, mchana huwezi kuukanyaga pekupeku. Tangu Mzee Othmani akiwa hai wanawake wa mtaa tulianika pale, Waislamu kwa Wakristo, na kila mtu alikuwa na mahali pake. Pangu ni pembeni ya ufa. Eliza anaanika chini kabisa kwa sababu ana mguu mbaya. Bi Kauthar, mke wa Mzee Othmani, alikuwa juu, na hakuna aliyehoji.

Razaki aliuzungushia kamba. Akaweka meza, viti na miamvuli mikubwa, watu wakawa wanakaa pale wanakunywa juisi ya ukwaju na kupiga picha machweo. Mlangoni alimweka mlinzi, Festo, kijana aliyetoka Kilimatinde, asiyemjua mtu yeyote mtaani. Nilipofika na mkeka na majani yangu mabichi kichwani alinizuia kwa adabu.

"Samahani mama. Huku ni wateja tu."

Naomba nieleweke hapa. Mlenda huchumwa wakati wa mvua. Ukipata jua kali na jiwe la moto, unakauka kwa siku moja na unabaki kijani. Ukikosa, unalala na unyevu, unakuwa mweusi na kunuka. Huo ndio ninaouza sokoni kiangazi chote, wakati mboga nyingine zimekwisha. Masika yakipita sijaanika, nitakaa mpaka mvua nyingine bila biashara.

Nilijaribu kuanika chini uani, kuku wakaparura. Nikapanda juu ya bati na umri wangu huu, upepo ukaja ukauchukua mlenda wote ukaumwaga kwa jirani mwenye ghorofa, kwenye gari lake. Alinipigia hodi kuniuliza kile ni nini. Nilimwambia ni oganiki.

Basi nikaenda kwa Razaki mwenyewe. Alitoka nyuma ya kaunta, akaniamkia vizuri, nisimsingizie.

"Shikamoo mama Calist."

"Marahaba. Nataka mahali pangu, mwanangu."

Alinieleza kwamba wateja wake wanapenda utulivu, kwamba majani yakiwa yamesambaa hawatakaa, kwamba amekopa na lazima lile eneo limlipe. Kisha uso ukamng'aa kama mtu aliyepata jibu. Mlenda wangu anaujua, alisema, amekua akiula. Kwa nini nisimletee yeye auuze dukani? Masharti ni machache tu: usiwe na mchanga, na uwe umeanikwa juu ya mwamba, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye chupa.

"Mwamba upi?" nikamuuliza.

Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akasema atalifikiria. Niliondoka najua kwamba kulifikiria kwake kutamaliza masika.

Sasa hasira yangu ikahamia kwa mama yake. Tangu duka lifunguliwe Bi Kauthar alikuwa haonekani. Anaishi nyumba ya nyuma, na mlango wake unatazama upande wa pili. Nilikwishajisemea moyoni kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na yeye amekaa huko anafurahia. Nikazunguka nyuma, nikapiga hodi kwa nguvu kuliko inavyopasa.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anachambua majani ya mlenda, tena majani mengi. Mengine ukutani yalishakuwa meusi.

"Na wewe?" nikamwambia. Ndiyo salamu niliyompa.

"Na mimi," akasema. "Ananiletea wa kwenye chupa. Anasema mama pumzika, usihangaike na jua."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini, Mama Calist? Ameacha kazi yake Dar akaja kunitunza. Hajaninyima kitu. Nikimlalamikia jiwe, si nitaonekana sina shukrani?"

Nilikwenda pale kugombana, nikajikuta nimekaa chini namsaidia kuchambua. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kidogo kwa yale niliyoyawaza juu yake. Mwenye mwamba alikuwa anaozesha majani sawasawa na mimi.

"Kesho," nikamwambia, "chukua ungo wako, mimi nachukua mkeka wangu, twende tukaanike. Wakitufukuza tumefukuzwa wote."

Aliendelea kuchambua. Lakini asubuhi alitokea, amejifunga kanga mbili, ungo kichwani. Badala ya kupitia nyuma, tulizunguka barabarani hadi mbele ya duka, yeye akiongoza. Ilikuwa Jumamosi, meza zimejaa.

Festo alisimama njiani.

"Samahani bibi. Huku ni wateja tu."

Nilifungua mdomo nimwambie anayeongea naye ni nani. Bi Kauthar akanishika mkono, akanikataza. Akamwambia yule kijana taratibu, "Mimi nimekuja kuanika, mwanangu. Mwenye duka akiniambia niondoke, nitaondoka."

"Bosi ana kazi, bibi. Naomba usogee, unazuia watu."

Akamsogeza, kwa mkono, begani. Hakumsukuma, alimsogeza tu kama unavyosogeza kiti kilichoko mlangoni. Majani machache yakamwagika. Mimi nililia pale pale, mbele za watu, na si kawaida yangu.

Razaki alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi, ila najua aliuona ule mkono, kwa sababu alikuwa ameshika kreti la mayai na alikuwa hasogei.

"Festo," alisema, "unamjua huyo ni nani?"

"Si mteja, bosi," Festo akajibu. Kijana wa watu alikuwa anafanya kazi aliyopewa.

Razaki aliweka mayai chini. Akaja, akainama, akaokota majani moja moja, akayarudisha kwenye ungo. Hakumtazama mama yake usoni. Akaupokea ungo kutoka kichwani mwake, akainyanyua kamba, akapanda nao.

"Niweke wapi, mama?"

"Pale pangu."

Juu kabisa, pale pake, palikuwa na meza, kijana na kompyuta yake, na msichana mwenye glasi ya juisi. Razaki alisimama mbele yao na ungo mikononi. Kisha nikamsikia akisema, "Samahani sana. Naomba mhame. Hapa ni pa mama."

Wakahama. Meza aliibeba mwenyewe.

Siku hizi meza zinatolewa jioni, jua likishapoa. Kuanzia asubuhi mwamba ni wetu, na wateja wengine wanakuja kutupiga picha bila kuomba, jambo ambalo linaniudhi na ninawaambia. Mlenda namuuzia Razaki, kwa bei yangu. Masika haya yaliyobaki yametosha.

Festo bado analinda, lakini aibu ya siku ile haijamtoka. Kabla hajamzuia mtu anamuuliza kwanza, "Samahani, wewe ni mama wa nani?" Juzi alimuuliza Eliza, ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Eliza aliupumzisha mguu wake mbaya, akamtazama.

"Wa kwako," akamjibu.

Festo akamwamkia, akambebea ungo.