Wakala wa Wahindi

Vumbi linacheza kwenye mwanga wa dirisha letu hapa Hockley, linapanda, linashuka, na likichoka linatua juu ya kioo cha picha yako, Enoki. Nalifuta mimi. Miaka sita ya ndoa nalifuta mimi, na wala hukuwa babu yangu.

Wewe ni babu wa babu yake Ivan, mume wangu. Ulizaliwa mtaa huu huu wa Waingereza, mtoto wa fundi vifungo, ukaenda Amerika, na serikali ya huko ikakupa cheo: wakala wa Wahindi. Ukarudi na kofia pana na hadithi. Mwanao akafua shaba, mjukuu wako akaunda magari kiwandani Longbridge, na wote wakarithishana picha yako kama watu wanavyorithishana pua.

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, Ivan akataka aitwe wewe. "Enoki ndiye Idrisi," aliniambia, kwa furaha ya mtu aliyesilimu na kusoma. "Jina la mtume. Utakataaje?"

Nikampigia mama Unguja anitetee. Mama akanitosa. "Wakala wa Wahindi? Basi alikuwa mtu wa maana, Mwanasiti. Wahindi hawampi uwakala mtu asiyeaminika. Jina jema hung'ara gizani. Alikuwa akiuza nini, vitambaa?"

Mama, si Wahindi hao. Nimesema hadi nimechoka. Si wa maduka ya Darajani. Ni wenyeji wa Amerika, waliobandikwa jina hilo na Wazungu waliopotea njia. Walichukuliwa ardhi, wakaahidiwa unga na mablanketi, na funguo za ghala alizishika huyu. Aliyekubali kuhama alikula. Aliyekataa alifungiwa mlango. Ivan mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akaishia kumsifu farasi wake, Besi, kwa mbio zake.

Neno moja tu, Enoki, hilo la Wahindi, limekuogesha na kukuvisha kanzu. Inaniuma.

Siku ya saba tukamnyoa mtoto. Wageni walijaa na sahani za pilau, mama yuko kwenye simu, anatazama. Inderpal, jirani yetu, Mhindi ambaye kwao ni Punjab, akaielekea picha. "Wakala wa Wahindi gani?" akauliza. "Sisi?"

Ivan akacheka, kisha ikambidi ajibu. Akaanza na unga, akafika kwenye funguo, sauti ikapungua.

"Na watoto wa waliokataa?" Inderpal akauliza.

Ivan akamtazama mwanawe, kichwa kimenyolewa, mdomo unatafuta ziwa langu. Akainuka, akaitungua picha ukutani.

Nilidhani nitafurahi. Nilibaki na hasira zangu, nisijue niziweke wapi.

"Kumbe," mama akasema kwenye simu. "Mwite Haidari, yaishe. Lakini niambie, mwanangu, hao watu wake waliitwa nani?"

Nikamgeukia Ivan. Hajui. Hata mmoja hamjui. Anamjua Besi.

Wageni wameondoka. Vumbi linacheza kwenye mwanga, linapanda, linashuka, na leo, limekosa kioo, linatua kichwani mwa mwanangu, chembe moja moja. Nalifuta mimi, polepole, kwa kiganja. Na kwa kila chembe nasema, kama kwa mmoja wa waliofungiwa mlango: samahani, jina lako silijui.