Jina la Aliyetoa Nyumba

Kompyuta za nyumba ya akina mama zilikuwa mashine kuukuu, hazina nguvu ya kubeba picha za kubonyeza. Ukiziwasha zinakupa kioo cheusi na kijistari kinachopepesa, basi. Zamani watu wa miradi walikuja na mashine za picha, wakafundisha siku chache, wakapigwa picha wao wenyewe, wakarudi zao Moresby, mji mkuu. Mashine zile zilipogoma, hakuna mwanamke aliyejua nyuma ya picha kuna nini. Paskalia, mmoja wa waliofundishwa, hakumsahau hata mmoja wao. Alikumbuka mpaka soksi zao.

Kwa hiyo alipojifundisha mwenyewe kuiandikia mashine amri, aliapa kwamba wenzake hawatafundishwa vinginevyo.

"Anayebonyeza picha ni mteja," aliwaambia wanawake walipotoka kuokota chikichi. "Anachagua alichoandaliwa. Anayeandika amri ndiye anayeingia jikoni."

"Jikoni tumeshinda tangu utoto, mwalimu," alijibu Otilia, popoo shavuni. "Sisi tupeleke mezani."

Walicheka, lakini walijifunza. Otilia aliwapita wote; vidole vyake vilikwenda kama mvua juu ya bati. Ndiye aliyekuwa akiiandika barua ya kuidai serikali daraja lililochukuliwa na mto, na kila jioni aliirekebisha, akaisoma kwa sauti, akaitukana, akairekebisha tena.

Kazi zao zote Paskalia aliziweka katika folda moja. Ili kuifungua, ulilazimika kuandika amri ya kuingia, kisha jina la folda, herufi kwa herufi. Na jina aliloipa ni la marehemu mzee aliyetoa nyumba ile. Alifanya hivyo kwa heshima. Kwao Sepik, walikotoka wazazi wake, mtu mwema hutajwa.

Lakini hapa ni kwa Wanakanai, na jina la mkwe halitajwi. Paskalia alilijua hilo, amekulia kwenye mashamba ya wahamiaji jirani nao; ila alidhani ni mwiko wa mdomo tu. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameolewa na wana wa mzee yule. Kila jioni Imelda, mjukuu wa mzee, msichana asiyeolewa, alizunguka mashine hadi mashine akiwafungulia wote. Paskalia alimsifu kwa bidii yake.

Siku ya mtihani alikuja Bwana Vagi, mkaguzi kutoka Moresby, shati limenyooka. Masharti hayakuwa na mjadala: kila mwanamke afungue kazi yake mwenyewe, bila msaada. Wengi wao wakishindwa, mashine zinakwenda shule ya mjini.

"Tuanze na bingwa wenu," alisema.

Otilia aliketi. Akaandika amri ya kuingia, upesi. Kisha akaweka mikono mapajani, akatulia.

"Endelea, mama."

Hakuendelea. Imelda aliinuka, Bwana Vagi akamwonyesha mlango. Hapo ndipo Paskalia alipoelewa.

"Bwana Vagi, niruhusu nibadilishe jina la folda. Ni mstari mmoja tu."

"Mtihani umeanza, mwalimu. Kwani shida nini?"

"Ni jina la baba mkwe wake."

"Sijamwambia aliimbe. Aliandike."

Paskalia aliinama sikioni kwa Otilia. Miaka yote alikuwa akizipigania mashine hizi. Akamwambia neno ambalo hakuna mwanamke wa pale angelisema. "Dada, ni herufi tu. Mzee hayupo tena. Ziandike, tubaki na mashine."

Otilia alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia na viatu mahali pa kulala. Akasukuma kiti, akatoka. Wake wa ndugu za mumewe wakainuka mmoja mmoja wakamfuata, wala hawakuwa wamegusa kibodi.

"Kungekuwa na picha," alisema Bwana Vagi akikusanya karatasi zake, "angeigusa tu. Hahitaji kutaja mtu. Mtoto anaweza."

Majibu ya kuwapiga nayo watu wa soksi Paskalia alikuwa nayo gunia zima; leo aliliacha, akamfuata mlangoni.

"Utaandika nini?" aliuliza.

"Kwamba hawajui."

"Wanajua."

"Mimi naandika nilichokiona."

Lori la kubeba mashine lilirudi nyuma hadi mlangoni. Paskalia alimkuta Otilia nyuma ya nyumba, anamenya viazi vitamu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambieje bila kulitaja?"

"Ungesema tu, hilo jina..."

"Hata kulizunguka ni kulisogelea." Otilia aliosha kiazi, akakitupa sufuriani. "Imelda amezunguka darasa lile kila jioni, mwalimu. Wewe unayewauliza mawaziri barabara iko wapi, hukuuliza kwa nini mtoto haketi."

Paskalia alichuchumaa kando yake, akajifuta macho.

"Usinililie hapa," Otilia akaongeza, bila ukali. "Nina watu wa kulisha."

Injini ya lori iliwaka. Barua ya daraja ilikuwa imo ndani ya mashine moja, ukurasa wa mwisho haujakamilika, haijachapwa. Paskalia alikimbia hadi barabarani, akainua mkono kumsimamisha dereva, kisha akaushusha. Hata angepewa barua ile, hakuwa tena na mahali pa kuifungulia.