Habu ya Nyuma

Mdogo wangu aliingia karakana na fremu ya baiskeli ya baba begani, magurudumu mkononi, meno yote nje. Alitaka kusafiri nayo wiki tatu, mizigo mbele na nyuma, na mimi dada yake, fundi wa magurudumu, nimsukie magurudumu upya: rimu mpya, spoku mpya.

"Na habu?" nilimuuliza.

"Mzee anakuja kuchagua mwenyewe."

Habu ni kile kitovu cha gurudumu. Spoku zote zinashikwa pale, na ekseli inapita katikati. Baba alizifungua zake kila mwanzo wa mwezi, akazisafisha na kuzitia grisi, hata kama hazijalia. Ya nyuma ilizunguka bila sauti. Nilipokuwa na miaka ishirini niliitamani kwa ajili ya baiskeli yangu ya mashindano, nikaichomoa bila kumwambia. Nikalisuka gurudumu lake kwa habu kuukuu kutoka boksi la vyuma chakavu, yenye matundu arobaini ya spoku vilevile. Nilijiambia nitairudisha baada ya mashindano. Kwa haraka zangu, wala sikuitia grisi.

Ekseli ilikatika baba akiwa kwenye mteremko. Nyonga ikavunjika. Hospitalini aliniuliza jambo moja tu: "Ile habu ilikuwa na grisi?"

"Ilikuwa kavu," nikamjibu.

Hata uongo haukuwa. Lakini tangu siku hiyo baba hakushika spana tena. "Mikono yangu imestaafu bila kuniaga," aliwaambia wateja, nao wakacheka. Mimi nilicheka pamoja nao, nikairithi karakana, na kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikijiona mwizi kila ninapofungua mlango wake.

"Tuweke mpya tu," nilimwambia mdogo wangu. "Za siku hizi ni imara."

"Dada, mbona unaniharakisha? Tumsubiri mzee."

Baba alifika na fimbo yake. Nilikuwa nimepanga habu mpya mbili mezani, na pembeni lile gurudumu la nyuma lenye ekseli iliyokatika. Hakuligusa. Alitia mikono mfukoni.

"Usinisikilize mimi, mwanangu," alimwambia mdogo wangu. "Mimi ndiye niliyesahau grisi. Msikilize dada yako."

Hapo nikashindwa. Nilivuta droo ya chini, nikatoa kitambaa, nikakifungua. Habu yake ya nyuma ilikuwa inang'aa. Nimekuwa nikiitia grisi kila mwanzo wa mwezi.

"Yako ni hii, baba. Niliiiba kabla hujaanguka. Ile iliyokatika niliiweka mimi, tena kavu."

Mdogo wangu aliacha kutabasamu. Baba aliichukua, akaizungusha ekseli kwa vidole viwili, akasikiliza.

"Kwa hiyo mimi sikusahau," alisema polepole.

"Hukusahau, baba."

Nilisubiri anigombeze. Natamani angenigombeza. Badala yake alivuta stuli yangu, akaketi mezani, akanyoosha mkono ambao sasa ulikuwa umezeeka kweli, akaomba spana.

Ilimponyoka mara mbili. Niliiokota mara zote mbili, nikamrudishia, bila kuthubutu kumtazama usoni.